Ushahidi wa Khatibu na Ukimya wa Mamuma

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyarudia kwa karne nyingi bila kuafikiana kikamilifu, limo lile la uhusiano kati ya wema wa jambo linalosemwa na ukweli wa ushahidi unaolibeba: je, mtu anayesimama mbele ya watu kuwaita kwenye kheri ana ruhusa ya kutumia habari asiyoihakiki, au hata anayoijua kuwa haina msingi, iwapo habari hiyo itawafanya wasikilizaji waswali, watoe sadaka na wawatendee jirani zao wema? Swali hili humhusu kila msemaji, awe wakili, mwanasiasa au mwalimu, lakini hakuna mahali linapobana kama kwenye mimbari ya Ijumaa, kwa sababu huko msemaji haishii kutoa maoni yake bali humnasibishia Mtume (s.a.w.) maneno, na kunasibisha, yaani kudai kwamba kauli fulani imetoka kwa mtu fulani, ni tendo lenye hukumu yake peke yake, mbali na hukumu ya maana ya kauli hiyo. Kauli inaweza kuwa njema na ya kweli kwa maana yake, na bado dai la kwamba fulani ameisema likawa uongo.

Wagiriki wa kale walilitazama tatizo la kuaminika kwa msemaji kutoka ndani ya hotuba yenyewe. Plato, katika majibizano yake yaitwayo Gorgias, aliionyesha sanaa ya hotuba kuwa ni uwezo wa mtu asiyejua kuwashinda wajuzi mbele ya umati ambao nao haujui. Mwanafunzi wake Aristotle alipunguza ukali huo, akataja njia tatu za kushawishi, nazo ni tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Kisha akaweka sharti ambalo wanaomnukuu hawalitaji sana, kwamba imani ya wasikilizaji kwa msemaji inapaswa kuzaliwa na yale anayoyasema hapo hapo, si na sifa aliyokuja nayo kutoka nje. Kwa mtazamo huo, hotuba iliyopangwa vizuri humfanya msemaji aonekane mwaminifu, na kuonekana huko ni sehemu ya ufundi.

Wanazuoni wa hadithi walikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Kwao mpokezi, yaani mtu anayesimulia habari aliyoipata kwa aliyemtangulia, hupimwa kwa mambo mawili ambayo yote yako nje ya maneno yake: uadilifu, ambao ni uaminifu wake katika dini na mwenendo, na dhabti, ambayo ni umakini wake wa kuhifadhi na kufikisha bila kuchanganya. Walichunguza mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki ili wajue kama kweli aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia, wakafuatilia safari zake, wakalinganisha mapokezi yake na ya wenzake waliosoma kwa mwalimu mmoja. Ufasaha haukuwa hoja, na wala ucha Mungu peke yake haukutosha. Imamu Muslim (aliyefariki mwaka 261 Hijria, sawa na 875), katika utangulizi wa Sahihi yake, anaipokea kauli ya Yahya bin Said al-Qattan kwamba watu wema hawakuonekana kusema uongo katika jambo lolote zaidi kuliko katika hadithi, kisha anaifafanua kwa upole kwamba uongo huo huwapitia ulimini bila ya wao kuukusudia. Tahadhari hiyo ingefaa ibandikwe katika kila chumba ambamo khutba huandaliwa, kwa maana inamlenga mtu mwema anayependa kuamini kila jambo zuri analolisikia, ambaye ni wa kawaida zaidi kuliko mzushi.

Tofauti ya njia hizi mbili inaeleweka vyema zaidi mtu akiitazama hali ya msikilizaji. Mahakamani yupo wakili wa upande wa pili, bungeni upo upinzani, na darsani mwanafunzi huweza kunyoosha mkono akauliza. Lakini katika khutba ya Ijumaa mamuma, yaani yule anayeswali nyuma ya imamu, ametakiwa kunyamaza, na hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inafikia kumhesabu kuwa amefanya upuuzi hata yule anayemwambia mwenzake anyamaze wakati imamu anahutubu. Hakuna hadhara nyingine ya kawaida ambamo wasikilizaji wamenyang'anywa kwa amri ya dini ile nyenzo yao ya kwanza ya kujikinga, ambayo ni swali. Kwa kuwa hawawezi kuhakiki wala kuuliza, kazi yote ya kuhakiki inamwangukia mmoja aliyeruhusiwa kusema, na utafiti anaoufanya usiku wa kuamkia Ijumaa unakuwa ni deni analolipa kwa niaba ya watu wote waliofungwa vinywa mbele yake. Ukimya wao ni ibada. Akiutumia kupitisha habari ambazo zisingepita mbele ya mtu anayeuliza, ameigeuza ibada yao kuwa ngao yake.

Historia inaonyesha kwamba hatari hii haikutoka kwa maadui wa dini pekee. Mfano mashuhuri ni wa Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw aliyefariki mwaka 173 Hijria (789), ambaye aliitwa al-Jami, yaani Mkusanyaji, kwa wingi wa elimu alizozikusanya. Imepokewa kwamba alipoulizwa amezipata wapi hadithi za fadhila za Qur'ani, sura baada ya sura, alizozinasibisha kwa Ibn Abbas kupitia Ikrima, ilhali wanafunzi wa Ikrima hawakuwa nazo, alijibu kwamba aliona watu wameiacha Qur'ani wakashughulika na fikihi ya Abu Hanifa na visa vya vita vya Ibn Ishaq, ndipo akazitunga kwa kutaraji malipo ya Mwenyezi Mungu. Ibn Hibban (aliyefariki 354 Hijria, sawa na 965) alimhukumu kwa neno lililochezea lakabu yake, kwamba alikusanya kila kitu isipokuwa ukweli. Baadhi ya watu wa kundi la Karramiya walikwenda mbali zaidi na kulitetea jambo hilo kwa hoja, wakisema kwamba onyo lililokuja katika hadithi ni kwa anayesema uongo dhidi ya Mtume, ambapo wao walikuwa wakisema uongo kwa ajili yake. Hoja hiyo ni ya ajabu, lakini ina faida moja: inalisema waziwazi lile ambalo wahubiri wengi hulitenda bila kulisema.

Matokeo ya uzushi wa nia njema hayakuishia kwa waliouzua. Hadithi ndefu ya fadhila za sura inayonasibishwa kwa swahaba Ubayy bin Kaab, ambayo wajuzi wa fani wameihukumu kuwa ni ya kutungwa, iliingia vipande vipande mwishoni mwa sura katika tafsiri za Zamakhshari na Baydhawi, vitabu ambavyo vizazi vya wanafunzi vilivisoma kwa heshima, na kwa njia hiyo habari isiyo na asili ikapata kivuli cha majina makubwa. Msemaji wa leo anayeikuta humo ana udhuru wa kiasi fulani, ila udhuru huo haumfai yule aliyemwamini.

Kisa kingine hupendwa sana na wanaowakosoa wahadithiaji wa misikitini, nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Husimuliwa kwamba wanazuoni wa hadithi Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main waliswali katika msikiti wa Rusafa, Baghdad, akasimama mhadithiaji akasema kuwa amepokea kutoka kwa Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main hadithi kwamba anayetamka neno la tauhidi Mwenyezi Mungu humuumbia kwa kila neno ndege mwenye mdomo wa dhahabu na manyoya ya marijani, akaendelea hivyo kwa marefu na mapana. Wale wawili wakatazamana, kila mmoja akimuuliza mwenziwe kama ndiye aliyemsimulia. Alipoitwa na kuambiwa kwamba hao ndio Yahya na Ahmad wenyewe na hawajapata kuisikia hadithi hiyo, mhadithiaji alijibu bila haya kwamba alikuwa akisikia kuwa Yahya ni mpumbavu na sasa amehakikisha, kana kwamba duniani hakuna Yahya na Ahmad wengine ila wao. Kisa ni kitamu, kinachekesha, na kinafundisha. Lakini Dhahabi (aliyefariki 748 Hijria, sawa na 1348), mkosoaji mkubwa wa wapokezi, alipomfikia katika kitabu chake cha Mizan al-Itidal mtu aliyekipokea, alisema kwamba hamjui ni nani, akakiona kisa chenyewe kuwa cha kukanushwa na akachelea kwamba huyo ndiye aliyekitunga. Hivyo kisa kinachotumiwa kuwafedhehesha watunga visa nacho kimekwama katika mizani ileile, na Dhahabi hakukihurumia kwa sababu tu kilikuwa upande wake.

Suala gumu zaidi ni lile la hadithi dhaifu, ambayo si ya kutungwa, bali mlolongo wa wapokezi wake una kasoro, kama vile kukatika mahali fulani au kuwamo mtu mwenye kumbukumbu mbovu. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277), katika utangulizi wa Arubaini yake, anaeleza kwamba wanazuoni wamekubaliana kuruhusu kuifanyia kazi hadithi dhaifu katika fadhila za matendo, yaani katika kuhimiza jambo ambalo wema wake umekwisha kuthibiti, si katika kuhalalisha na kuharamisha. Baada yake Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria, sawa na 1449), kama alivyonukuliwa na mwanafunzi wake Sakhawi, aliibana ruhusa hiyo kwa masharti matatu: udhaifu usiwe mkubwa, jambo lenyewe liwe chini ya asili iliyothibiti, na mwenye kuifanyia kazi asiitakidi kwamba Mtume ameisema kwa yakini.

Sharti hili la tatu ndilo lenye uzito wa kifalsafa, ingawa mara nyingi hupitiwa kwa haraka. Mtu anayesoma peke yake nyumbani, akaikuta hadithi dhaifu juu ya dhikri fulani na akaileta dhikri hiyo huku akijua kwamba habari yake haijathibiti, analitimiza sharti bila taabu. Khatibu hana wepesi huo, kwa sababu nguvu yote ya kuitaja hadithi juu ya mimbari inatokana na wasikilizaji kuamini kwamba Mtume ameisema. Wasipoamini hivyo, inabaki kuwa kauli njema kama kauli nyingine. Kwa hiyo akiinyamazia hali ya hadithi, ruhusa imemwondokea, kwani mamuma watakuwa wameitakidi lile ambalo hawakupaswa kuliitakidi. Na akiibainisha, ushawishi aliouhitaji umepungua. Masharti ya Ibn Hajar, yakichukuliwa kwa uzito wake, hayampi msemaji wa hadhara sehemu kubwa ya nafasi ambayo wengi wanadhani anayo.

Wanazuoni wa zamani walikuwa na njia yao ya kubainisha, nayo ni kutosema kwa mkato kwamba Mtume amesema, bali kusema kwamba imepokewa, na Nawawi alilisisitiza hilo. Ishara hiyo ilitosha mbele ya wanafunzi walioizoea. Mbele ya safu za Ijumaa, ambamo wamo wavuvi, madereva, wauza maduka na watoto wa shule, neno lilelile halionyi kitu, na pengine humwongezea msemaji haiba, maana kwa sikio la mtu wa kawaida habari iliyopokewa ni nzito kuliko habari iliyosemwa tu. Ndiyo maana Ahmad Shakir, mhakiki wa Misri aliyefariki mwaka 1958, alishikilia kwamba kuubainisha udhaifu wa hadithi ni wajibu kwa kila hali, na msimamo wake unaelekea kuwa wa sawa zaidi kadiri hadhara inavyokuwa mbali na istilahi za fani.

Hofu ya wengi ni kwamba uhakiki wa namna hii utaikausha mimbari, kwamba khatibu atabaki na majina ya wapokezi na watu watasinzia. Hofu hiyo inapimika kwa mfano mmoja. Katika mawaidha mengi ya Kiswahili husimuliwa kisa cha jirani, mara huwa Myahudi na mara bibi kizee, aliyekuwa akimtupia Mtume takataka mlangoni au njiani kila siku, hadi siku moja takataka hazikuonekana, Mtume akaenda kumtazama, akamkuta mgonjwa, na jirani akasilimu kwa kustaajabia huruma hiyo. Kisa hiki hakina mapokezi yanayotegemewa katika vitabu vya hadithi, na kinapowekwa Makka pamoja na jirani Myahudi kinazidi kutia shaka, kwa kuwa makabila ya Kiyahudi yanayotajwa katika sira yalikuwa hasa Madina, si Makka. Sasa khatibu aliyekusudia kufundisha kuwazuru wagonjwa wasiokuwa Waislamu anapoteza nini akikiacha? Katika Sahihi Bukhari, kwa mapokezi ya Anas, imo habari ya kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume, akaugua, Mtume akaenda kumzuru, akakaa upande wa kichwa chake na kumwita kwenye Uislamu. Kijana akamtazama baba yake aliyekuwa hapo, na baba akamwambia amtii Abul-Qasim, yaani Mtume. Yale macho ya mtoto yanayotafuta ruhusa ya mzazi wake hayamo katika kisa cha takataka, na hakuna mtunzi wa visa aliyeyafikiria. Na kama makusudio ni kuonyesha subira juu ya maudhi, Bukhari huyohuyo amepokea jinsi Makureshi walivyomwekea Mtume matumbo ya ngamia mgongoni akiwa amesujudu karibu na Alkaaba, naye akabaki katika sijida hadi Fatima alipokuja kuyaondoa, jambo zito kuliko takataka za mlangoni. Uhakiki haukuichukua ibra. Ulichokichukua ni uvivu.

Hali ni tofauti kidogo kwa ile kauli isiyokosekana katika mahafali ya madrasa na hata katika hotuba za wakuu wa serikali, kwamba elimu itafutwe hata ikiwa China. Bayhaqi (aliyefariki 458 Hijria, sawa na 1066) aliiona matini yake, yaani maneno yenyewe, kuwa imeenea ilhali njia zake zote ni dhaifu. Ibn Hibban aliihukumu kuwa batili. Na Ibn al-Jawzi (aliyefariki 597 Hijria, sawa na 1201) akaitia katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa. Hapa wanazuoni wamehitilafiana katika kiwango, na msemaji mwaminifu anaweza kuitaja kama kauli iliyoenea bila ya kuipandisha hadi kwa Mtume. Kilichojitenga nayo, na ambacho aghalabu huunganishwa nayo kwa pumzi moja, ni ile hadithi ya Ibn Majah kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, ambayo baadhi ya wahakiki wameiinua hadi daraja ya hasan, yaani inayokubalika, kwa wingi wa njia zake.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini (354–430), aliufikia ukuta huohuo wa uongo wa nia njema kwa upande wa Ukristo. Aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha pili mwaka 420 hivi, akimjibu mtu aliyetaka Wakristo wajifanye wafuasi wa kundi la wazushi ili wawagundue. Augustino alikataa, na hoja yake haikusimama juu ya ubaya wa uongo kwa jumla tu, bali juu ya jambo mahususi: uongo ukiruhusiwa mara moja katika kuifundisha dini, hata kwa faida ya dini, mamlaka yote ya mafundisho yatalegea, kwa kuwa msikilizaji hatakuwa na njia ya kujua ni wapi mwalimu alisema kweli na ni wapi alisema lenye manufaa. Nuh bin Abi Maryam angekuwa na taabu kuijibu hoja hiyo, kwani aliyeitukuza Qur'ani kwa maneno ya kutunga aliwafundisha watu kuitilia shaka kila fadhila ya Qur'ani, zikiwemo zilizothibiti.

Katika pwani ya Afrika Mashariki suala hili lilichukua sura yake mahususi khutba ilipoanza kubadilika. Khatibu aliyesoma kwa Kiarabu khutba iliyoandikwa na mwanachuoni wa kale hakuwa mtunzi, na dhamana ya yaliyomo ilikuwa ya mwandishi. Lakini anayetunga khutba yake, au anayesoma nguzo kwa Kiarabu na kuwaidhi kwa Kiswahili, amejitwika mwenyewe dhamana hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Qurani Takatifu ilichapishwa kamili mwaka 1969, walisaidia kuwazoesha wasomaji wa Kiswahili kuuliza dalili iko wapi. Swali hilo sasa linasikika hata barazani, pengine kwa ukali usio na adabu, na si kila anayeliuliza anajua dalili hupimwa vipi. Hata hivyo ni afadhali umma unaouliza vibaya kuliko usiouliza kabisa.

Vyombo vya kulijibu vipo vingi kuliko wakati wowote. Al-Maqasid al-Hasana cha Sakhawi kiliandikwa hasa kwa ajili ya hadithi zinazozunguka katika ndimi za watu, nacho kimepangwa kwa herufi, kwa hiyo mwenye kujua mwanzo wa kauli huifikia kwa dakika chache. Na programu kama Maktaba Shamila huleta maelfu ya vitabu katika kompyuta moja. Wepesi huu umezaa kosa jipya, nalo ni kudhani kwamba kuipata hadithi kitabuni ndiko kuihakiki. Takhriji, yaani kuitafuta hadithi katika vyanzo vyake vya asili na kutazama waliyoyasema wajuzi juu ya wapokezi wake, huanza pale utafutaji unapoishia. Anayetangaza kwamba hadithi yake imo katika kitabu cha Ibn al-Jawzi, bila ya kutazama jalada, huenda ameinukuu kutoka mahali palipoandikwa kuthibitisha kwamba ni uongo.

Hakuna anayetakiwa kutokosea kabisa. Wanazuoni wa hadithi wenyewe hawakumwangusha mpokezi kwa kosa moja. Waliyemwangusha, kama mwenzao Ibn as-Salah alivyowanukuu, ni yule aliyebainishiwa kosa lake akaendelea kulishikilia kwa ukaidi. Kanuni hiyo inamwelekea khatibu kwa uzito maalumu, kwa sababu kusahihisha kwake hakutoshi kufanyika faraghani kwa yule aliyemnong'oneza baada ya swala: kosa lilisemwa juu ya mimbari, na haki ya kusahihishwa ni ya wote waliolisikia, kwa hiyo linarudishwa juu ya mimbari ileile, Ijumaa inayofuata, kwa maneno yasiyojificha. Hata hapo sahihisho halitawafikia wote, kwani msikiti wa mjini hauna safu zilezile wiki mbili mfululizo. Wamo waliokuwa safarini wakapita kuswali, na wamo waliokwisha kuirekodi sauti ya khutba ya kwanza na kuituma kwa jamaa zao Muscat au London, ambako itaendelea kusikilizwa bila ya lile lililokuja baada yake.